Mwezi hauna kosa: kisa cha kijana wa boti ya dagaa, Tanga

Mama aliingia na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, amelifungia kwenye pindo la kanga. Mwanawe alibaki nje kwenye benchi, macho mekundu, harufu ya dagaa imemtangulia ndani. Ilikuwa saa tatu asubuhi. Mama akaliweka daftari mezani kwangu, akasema: "Dokta, mimi sikuja kubishana na dawa zenu. Lakini ugonjwa wa mwanangu ni wa mwezi, na ushahidi ninao."

Mimi si daktari, ni afisa tabibu. Kwenye kliniki ya afya ya akili huku pwani kila mwenye koti jeupe ni dokta, nimeshazoea. Katika kisa hiki nimegeuza mambo madogo madogo ili kijana asitambulike mtaani kwake. Ya ugonjwa wenyewe, ambao ni kifafa, sikuyagusa.

Daftari lilikuwa na safu mbili. Ya kwanza tarehe, si za kalenda ya ukutani bali za mwezi wa kuandama: mfungo nne, mfungo tano, mfungo sita. Ya pili neno moja tu, "kaanguka". Miezi saba, mara 11. Nikachukua kalamu nikaanza kuhesabu, na kadiri nilivyohesabu ndivyo nilivyozidi kunyamaza. Mara 9 kati ya hizo 11 ziliangukia kati ya tarehe 21 na tarehe 6 ya mwezi unaofuata, yaani siku ambazo mwezi ni nusu kushuka chini au haupo kabisa. Kwetu "mwezi mchanga" ni jina la mwezi na ni jina la wazimu pia, kwa hiyo mama hakuwa na shida ya kupata maelezo. Alichokuwa hana ni mtu wa kumsikiliza.

Tulivyofundishwa, hapo ndipo mtaalamu anatabasamu kidogo na kuanza "kuelimisha jamii". Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kilichonizuia ni zile hesabu. Mara 9 kati ya 11 si kitu cha kucheka. Nikauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: kijana anafanya kazi gani?

"Yuko boti ya dagaa."

Kwa msomaji asiye wa pwani nieleze. Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na za sola zimeingia, lakini kazi ni ile ile: taa inawashwa, dagaa wanajikusanya chini ya mwanga, nyavu zinazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu bahari yote ina mwanga, dagaa hawana haja na taa ya mtu, na boti zinabaki ufukweni. Ndiyo maana mabaharia wa Deep Sea, Sahare na Mwambani hapa Tanga wana mwezi wa vipande viwili, giza na mbalamwezi. Giza ni kazi. Mbalamwezi ni kushona nyavu, kuziba mianya ya boti kwa kalafati, na kulala.

Kulala. Hapo ndipo nilipomwita kijana aingie.

Alikuwa na miaka 19, mwembamba, mwenye adabu, na usingizi umemjaa hadi kwenye shingo. Alikuwa ametoka baharini saa 12 asubuhi hiyo hiyo. Nikamwambia anihesabie siku moja ya giza, saa kwa saa. Wanatoka magharibi. Usiku kucha wako kazini, na katikati ya taa moja na nyingine mtu anasinzia ameegemea ndoo, dakika 10, dakika 20. Wanarudi alfajiri. Dagaa wanashushwa, wanahesabiwa, mgao unasubiriwa. Nyumbani anafika saa mbili, analala saa tatu. Mtaani Ngamiani saa tatu asubuhi si mahali pa kulala: bati limeshaanza kuchemka, watoto wako uani, jirani anatwanga. Adhana ya adhuhuri ikimkuta hajaamka, joto linamwamsha. Saa tatu za usingizi, akiwa na bahati nne.

"Na mchana huongezi?"

Akamtazama mama yake. Mama akajibu yeye: "Alasiri hapana. Kulala alasiri kunaleta wazimu, na huyu tayari ana la kwake."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi tangu siku ile. Mwanamke huyu alikuwa akimlinda mwanawe kwa nguvu zake zote. Kila siku ya giza, saa kumi jioni, alimwamsha kwa mkono wake mwenyewe ili asipatwe na wazimu. Na kwa kufanya hivyo alikuwa akimnyang'anya saa mbili pekee ambazo zingeweza kumwokoa na kesho yake.

Kisha nikauliza swali la pili. Hili nataka wenzangu wa zahanati waliandike ukutani, kwa sababu wagonjwa hawalisemi wasipoulizwa: asubuhi ukishaamka, mikono haikushtuki?

Akacheka kwa aibu. "Wenzangu wananiita Mwaga Chai."

Boti ikifika ufukweni kuna mama anauza chai ya tangawizi na maandazi. Kijana anapokea kikombe, anakiinua, na kabla hakijafika mdomoni mkono unaruka wenyewe, mara moja, kama umeguswa na umeme. Chai inaishia kifuani, au kwa aliyekaa karibu. Siku nyingine ni mswaki unaomtoka mkononi, siku nyingine kijiko cha maharage. Akili iko timamu, anaona kila kitu, anasikia wenzake wakicheka. Baada ya saa moja au mbili mikono inatulia. Alidhani ni baridi ya bahari. Nikamuuliza ilianza lini. Akasema kidato cha pili, akiwa na miaka 14, kabla hajawahi kukanyaga boti wala kuanguka hata mara moja. Kuanguka kulikuja akiwa na miaka 16, asubuhi ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, baada ya kukesha akisoma na wenzake. Walidhani ni njaa. Mara ya pili walidhani ni pepo. Shule ikaishia hapo.

Mbona haya hayakuwa kwenye faili? Nikalifungua. Alishapita zahanati mbili, na mwaka mmoja nyuma alishafika hata kliniki yetu. Ukurasa wa siku hiyo una mstari mmoja: "Kifafa. Aendelee na dawa." Mwandiko ni wangu.

Aina hii ya kifafa inafahamika. Mwaka 1957 Mjerumani Dieter Janz na mwenzake waliieleza kwa kina: inaanza katika umri wa kubalehe, mikono inashtuka asubuhi baada ya kuamka, baadaye kunakuja kuanguka kwa mwili mzima, mara nyingi asubuhi vilevile, na vichochezi vyake vikubwa ni kukosa usingizi na pombe. Mgonjwa kwa kawaida ana akili nzuri na hana historia ya kuumia kichwa wala malaria ya ubongo. Kijana wangu alifuata maelezo hayo kama aliyeyasoma. Kabla ya Janz, mwaka 1885, Mwingereza William Gowers alishawagawa wagonjwa wake kwa saa wanazoanguka: wa usiku, wa mchana, na wa wakati wowote. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha kwamba saa ni dalili kama homa ilivyo dalili. Sisi tunaandika "mara ngapi" na kusahau "saa ngapi".

Kwa nini usingizi? Nilimweleza nahodha wake baadaye kwa mfano wa kazi yake, na sijapata mfano bora. Watu wakiwa macho kwenye boti kila mmoja ana lake: huyu anafunga kamba, yule anapunguza maji, yule anavuta sigara. Chembe za ubongo ulio macho ziko hivyo. Wakati wa kuvuta nyavu unaanza wimbo, na watu wote wanavuta kwa pumzi moja. Ubongo uliolala usingizi mzito usio wa ndoto uko hivyo, chembe zinapiga pamoja, polepole, kwa mawimbi makubwa. Kwa mwenye kifafa, hapo mvuto mmoja wa kosa unawabeba wote. Kwenye usingizi wa ndoto wimbo unavunjika tena, na kifafa huenea kwa shida zaidi. Wapo wenye kifafa cha sehemu ya mbele ya ubongo ambao huanguka wakiwa usingizini hasa, ndugu wakasema "anaota vibaya". Kijana huyu mlango wake ulikuwa mwingine: ule wa kutoka usingizini kwenda kuamka. Na ubongo uliokosa usingizi, mlango huo haufungi vizuri.

Kipimo cha mawimbi ya umeme ya ubongo kingesaidia. Hans Berger alikitangaza tangu mwaka 1929. Kwetu kilimaanisha safari na nauli ambazo familia haikuwa nazo, na aina hii inaweza kutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa mwenyewe yakiwa kamili. Ila kuna jambo moja kuhusu kipimo hicho linanichekesha na kuniuma. Mara nyingi mgonjwa huambiwa akeshe usiku kabla ya kupimwa, ili ubongo ufichue unachokificha. Kile ambacho hospitali hukifanya kwa makusudi usiku mmoja, chini ya uangalizi, bahari ilikuwa ikimfanyia karibu kila usiku wa giza, katikati ya maji.

Nimeshaonyesha kwamba mwezi unaamua boti, boti inaamua usingizi, usingizi unaamua kifafa. Lingekuwa jambo zuri kuishia hapo. Lakini kulikuwa na dawa.

Zahanati ya kwanza walimpa kabamazepini. Ni dawa nzuri kwa vifafa vingi, ila kwa aina hii inaweza kuzidisha ile mishtuko ya asubuhi, na mama alikumbuka vizuri: "Kipindi kile hata kitana hakukishika." Zahanati ya pili wakampa fenobabito, kidonge kimoja usiku. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, karibu asilimia 80 wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Kazi yote iko ndani ya hilo neno "ipasavyo". Fenobabito ni ya bei nafuu na imeokoa wengi. Bali inaleta usingizi. Nikamtoa mama nje kwa kisingizio cha kupima uzito, nikamuuliza kijana peke yake.

"Usiku wa kazi unaimeza?"

Kimya kirefu. "Nikimeza nitalala juu ya nyavu, dokta. Nahodha atanishusha."

Kwa hiyo usiku wa giza alikuwa hamezi. Na kusema kweli yote, siku nyingine alitafuna mirungi ili asisinzie. Sasa hesabu yangu nzuri ya mwezi ikaingia tope: je, alikuwa akianguka kwa kukosa usingizi, au kwa kukosa dawa? Vyote viwili vinatokea siku zile zile.

Nikarudi kwenye daftari. Zile mara mbili zilizokuwa nje ya giza zilikuwa na thamani kuliko zile tisa. Moja ilikuwa asubuhi ya tarehe 12 mfungo sita. Mama akasema mara moja: Maulidi. Walisoma hadi alfajiri, kijana akiwa kwenye safu ya wapiga dufu, na kidonge alimmezesha yeye mwenyewe kabla hawajatoka. Nyingine ilikuwa tarehe 15 ya mwezi mwingine, mwezi umejaa kama sinia. Usiku huo walikesha msibani.

Nilifurahi mapema mno. Fenobabito hutoka mwilini taratibu. Kwa mtu mzima huchukua siku tatu hadi nne hivi kupungua kwa nusu, na ukianza upya inahitaji wiki mbili tatu kufika kiwango chake. Mtu aliyeruka vidonge giza zima hawezi kuwa amejaza pengo kwa kumeza siku chache za mbalamwezi. Ushahidi wa Maulidi basi haukuwa safi. Nilichoegemea mwishoni ni mambo ya zamani zaidi: mishtuko ya miaka 14, na kuanguka kwa miaka 16 baada ya kukesha, wakati hajawahi kuona kidonge hata kimoja. Usingizi ulitangulia. Dawa kuachwa kukaja kuongeza maji kwenye boti ambayo tayari inavuja.

Jambo jingine kwenye daftari liliafikiana na hilo. Hakuwahi kuanguka asubuhi ya kwanza ya giza. Mikono ilianza kuruka asubuhi ya pili, na kuanguka kulikuja ya nne, ya tano, kuendelea. Usingizi ni deni la dukani: siku ya kwanza mwenye duka anaandika tu.

Nahodha nilimfuata mwenyewe, jioni moja ya mbalamwezi, kwa ruhusa ya kijana. Nilidhani nitamkuta mtu mgumu. Nilimkuta mtu aliyekuwa akijua kila kitu na kufanya alichoweza: alimkalisha kijana katikati ya boti, na usiku alimfunga kamba kiunoni ili akianguka asiende majini. Akanionyesha kamba yenyewe. Nikamwambia kamba inamzuia kuzama baharini, haimzuii kuzama ndani ya boti. Mtu aliyeanguka kifudifudi kwenye maji ya ngama, yale yanayotuama chini ndani ya boti, hata yakiwa ya kifundo cha mguu, anakufa pale pale huku wenzake wanavuta nyavu gizani. Hakujibu. Akaikunja kamba polepole, akaiweka chini ya ubao. Kwa mwenye kifafa kuzama ni hatari kubwa mara nyingi kuliko kwa mtu mwingine, na hiyo ni hata kwenye beseni la kuogea.

Kazi ya kuchemsha dagaa ilipendekezwa na kila mtu, nami nikaikataa: sufuria lile na moto ule si pa mtu anayeweza kuanguka asubuhi. Kilichopatikana ni kazi ya karani. Kijana amefika kidato cha nne, anaandika vizuri. Anafika ufukweni jua likishatoka, anahesabu ndoo, anaandika mgao, mchana anashona nyavu. Kipato kilishuka, tusidanganyane. Mwenye boti hampi karani fungu la baharia, na nyumbani kuna wadogo watatu. Mama aliuliza mara mbili kama hakuna dawa ya kumwezesha kukesha salama. Hakuna.

Daktari tuliyemwelekeza kwake alimwanzishia sodiamu valproeti, na fenobabito ikapunguzwa kidogo kidogo, kwa sababu kuikata ghafla ni kualika kifafa kibaya zaidi. Wiki za mwanzo alilala kupita kiasi, maana valproeti huzuia fenobabito isitoke mwilini upesi na usingizi wake unazidi. Hilo tulikuwa tumemwambia kabla. Asingeambiwa angeviacha vyote viwili. Angekuwa msichana tungekuwa na mazungumzo mengine kabisa, kwa sababu valproeti inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Na aliambiwa wazi kwamba aina hii haiponi kwa kozi ya miezi sita. Pengine ni dawa ya maisha.

Likabaki suala la alasiri. Kubishana na mama ningeshindwa, na sikuona sababu ya kubishana. Bibi yake kijana ndiye aliyelimaliza, akiwa amekaa kwenye mkeka bila kuinua macho kwenye ukili anaosuka: "Si alale kailula? Kailula ni sunna." Usingizi wa kabla ya adhuhuri. Mama akanyamaza, akatikisa kichwa, na tangu siku hiyo saa tano mchana hakuna anayetwanga kinu uani kwao. Tukaongeza kulala saa tatu usiku, giza liwepo lisiwepo, na mama kuacha kumtikisa usiku kuangalia kama anapumua. Hili la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote, na nadhani bado anachungulia.

Tulibadilisha dawa na usingizi kwa wakati mmoja. Mtafiti angenikemea, kwa sababu sasa siwezi kusema kipi kilifanya nini. Mama hakunikemea. Katika miezi minane iliyofuata kijana ameanguka mara moja, na daftari linaendelea. Tarehe za mwezi bado zipo, sikumwambia azifute. Kuna safu mpya aliyoichora kwa rula: saa alizolala. Mstari wa juzi, baada ya harusi ya dada yake, unasema: "Saa 2. Kidonge kameza. Asubuhi kamwaga chai. Nimemrudisha kitandani, boti nimewaambia leo hana karani."